Kupanga Magari ya Familia Kabla ya Kuhama Ujerumani kwa Amri ya Jeshi la Marekani

Mwongozo huu ni kwa ajili ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaotumikia jeshi la Marekani nchini Ujerumani, pamoja na wake na waume zao, ambao muda wao wa kukaa huko umekaribia kwisha na sasa wanarudi Marekani. Katika Kaiserslautern, Grafenwöhr, Vilseck, Wiesbaden au Stuttgart si ajabu kusikia Kiswahili dukani au kanisani, na msimu wa uhamisho unapokaribia mazungumzo huwa yale yale: nani amepata amri ya uhamisho, anapelekwa kituo gani, na magari yake atayafanyaje. Swali hilo la mwisho ndilo huchelewa kupata jibu. Vyombo vya nyumbani hufungwa na wapakiaji, tiketi za ndege hutolewa na ofisi, lakini gari halina mtu wa kulishughulikia isipokuwa mwenyewe, na gari moja lililobaki bila mpango linatosha kumnyima mwanajeshi kibali cha mwisho cha kuondoka kituoni.

Familia nyingi zina magari mawili. Moja ni zuri, lililoletwa kutoka Marekani au kununuliwa hapa kwa wauzaji wanaohudumia wanajeshi. La pili ni kuukuu, lililonunuliwa kwa mwanajeshi aliyekuwa akiondoka, la kwendea kazini alfajiri na kubebea mizigo. Serikali husafirisha gari moja tu kwa kila amri ya uhamisho. Hivyo kazi yote iliyo mbele yako ni kujua gari gani litapanda meli, gari gani litauzwa, na kila jambo lifanyike tarehe gani ili usijikute huna gari la kupeleka watoto shule, wala usijikute una gari ambalo hakuna anayelitaka siku mbili kabla ya kuruka.

Hatua ya kwanza: lijue gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya nchi gani

Kabla ya kufikiria bei au kupiga picha za kuuzia, fungua boneti. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na karatasi iliyobandikwa ndani humo, inayosema kwa Kiingereza kwamba injini inatimiza masharti ya moshi ya shirika la mazingira la Marekani. Kisha fungua mlango wa dereva na utazame kwenye nguzo ambapo mlango unajifunga: hapo panatakiwa kuwa na karatasi nyingine yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi, na tamko kwamba gari linatimiza viwango vya usalama vya Marekani. Karatasi zote mbili zikiwapo, gari ni la Marekani. Zikikosekana, gari ni la Ulaya, hata kama jina lake ni lile lile unaloliona barabarani kule Texas au Georgia, kwa sababu kiwanda kimoja hutengeneza gari la jina moja kwa namna mbili. Usidanganywe na kipimo cha mwendo chenye maili.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Gari lisilotimiza viwango vya usalama vya Marekani haliruhusiwi kuingizwa nchini humo kwa matumizi ya kudumu mpaka litimize umri wa miaka 25, isipokuwa lipitie kwa mwagizaji aliyesajiliwa rasmi ambaye hulibadilisha taa, vioo, mikanda na mengineyo, kwa gharama ambayo mara nyingi huipita thamani ya gari lenyewe. Upande wa moshi, msamaha huanza gari likitimiza miaka 21 likiwa na injini yake ya asili. Ndiyo maana gari la Ulaya lenye miaka 22 linaweza kupita mlango mmoja likazuiliwa mlango wa pili. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wengi hudhani kwamba serikali ikilipa nauli ya meli basi forodha nayo imeruhusu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Maofisa wa bandarini hutaka fomu mbili, HS-7 ya idara ya uchukuzi na 3520-1 ya shirika la mazingira, na wanachokitafuta ndani yake ni kile kile ambacho wewe ungekiona kwa dakika mbili ukiwa na tochi mkononi.

Hatua ya pili: chagua gari la kupanda meli

Ukishajua asili ya kila gari, uchaguzi huwa rahisi kuliko ulivyodhani. Gari la viwango vya Ulaya huondoka kwenye orodha hata kama ndilo mnalolipenda. Yakibaki mawili, linganisha thamani ya kila moja Marekani, si hapa, kwa kuwa gari ambalo lina bei nzuri kambini kwa vile kila mwanajeshi mpya analihitaji laweza kuwa halina bei yoyote huko uendako. Tazama pia ukubwa. Serikali hulipia gari lisilozidi tani 20 za ujazo, yaani futi za ujazo 800, na lori kubwa lililoinuliwa na kufungwa tairi pana laweza kuvuka kiwango hicho, na ziada hulipiwa na mwenyewe. Mke na mume wakiwa wote wanajeshi, kila mmoja akiwa na amri yake, kila mmoja ana haki ya gari moja, na hapo magari mawili ya Marekani yanaweza kupanda meli bila nyinyi kutoa senti.

Gari lenye mkopo usilisahau. Soma mkataba wa benki kuona unasema nini kuhusu kulihamisha gari kutoka nchi moja kwenda nyingine, na kama unataka barua ya idhini, iombe mapema, kwa kuwa benki nyingi hazina haraka na barua ya aina hiyo. Kama gari unalotaka kuuza ndilo lenye mkopo, uliza pia itachukua siku ngapi benki kukuachia hati ya umiliki baada ya deni kumalizika. Mnunuzi hatakusubiri mwezi mzima.

Hapa niseme neno kwa wale wanaowaza kulituma gari la pili nyumbani Mombasa ili mzee au kaka alitumie. Wazo ni la upendo, lakini Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa na zaidi ya miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na magari yenye usukani wa kushoto, ambao ndio usukani wa karibu kila gari linalouzwa Ujerumani, hayasajiliwi kwa matumizi ya kawaida. Msamaha wa ushuru kwa wakazi wanaorudi ni kwa mtu anayehamisha makazi yake kurudi Kenya, na wewe amri yako inakupeleka Marekani. Uza gari hapa, kisha tuma fedha. Watapata gari la usukani wa kulia kwa fundi wanayemjua.

Hatua ya tatu: hesabu siku kurudi nyuma

Chukua kalenda, weka alama kwenye siku ya ndege, kisha urudi nyuma. Gari linalopokelewa katika kituo cha kukabidhia magari kilicho mbali na pwani hupelekwa kwa lori hadi bandari ya Bremerhaven, hupandishwa kwenye meli ya kubebea magari, huvuka Atlantiki, kisha hupelekwa kwa lori tena hadi kituo cha kuchukulia kilicho karibu na unakohamia. Safari hiyo yote huchukua wiki nyingi, na hata tarehe ya kufika mliyoahidiwa huwa ni tarehe ya makisio mazuri. Wanaokumbuka kiangazi cha mwaka 2014 wanajua: mkataba wa usafirishaji ulibadilishwa katikati ya msimu wa uhamisho, na maelfu ya familia zikakaa wiki kwa wiki bila kujua magari yao yako wapi.

Kwa hiyo anayeweza, alipeleke gari lake wiki nne hadi sita kabla ya kuruka, na atumie gari kuukuu kwa muda uliobaki. Huu ndio mpangilio ninaouamini kuliko mwingine wowote. Gari zuri linatangulia, gari kuukuu linabaki kuwatumikia mpaka siku za mwisho. Familia yenye gari moja tu itakubali kukodi, au itategemea treni na mabasi. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023, huwafaa sana walio karibu na stesheni, mradi wakumbuke kuisitisha kwa wakati, kwa sababu hujirudia yenyewe kila mwezi na hukatwa benki.

Miadi ya kupeleka gari iombe mara tu unapopata nakala ya amri. Kuanzia Mei hadi Agosti nafasi hujaa, na anayengoja mpaka vyombo vya nyumbani vifungwe hukuta nafasi iliyobaki ni ya baada ya ndege yake.

Wiki hiyo hiyo ya kuomba miadi, nenda ofisi ya sheria ya kambi ukaandikiwe hati ya uwakala. Huduma hiyo haina malipo. Hata kama huoni sababu yake, iandikwe, kwa kuwa mazoezi ya porini hayajali miadi yako, na mke au mume ambaye jina lake halimo kwenye hati za gari hawezi kulikabidhi, kuliuza wala kulifutia usajili bila karatasi hiyo. Hati iwe maalumu, itaje gari kwa aina, mwaka na namba ya chesisi, na itaje kila tendo linaloruhusiwa: kusafirisha, kuuza, kusaini, kupokea fedha. Hati ya jumla inayosema tu kwamba fulani anaweza kusimamia mambo yako huweza kukataliwa dirishani.

Hatua ya nne: mwito wa kiwanda na matengenezo

Gari lenye hitilafu ya usalama ambayo kiwanda kimetangaza na haijarekebishwa huweza kukataliwa lisipande meli. Kila mtu anakumbuka mifuko ya hewa ya Takata, iliyosababisha magari mamilioni na mamilioni kuitwa gereji duniani kote, lakini zipo nyingine ndogo ambazo mwenye gari hana habari nazo kwa sababu barua ilitumwa kwenye anwani yake ya zamani Marekani. Ingiza namba ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17, kwenye tovuti ya idara ya usalama barabarani ya Marekani, na uchapishe majibu. Fanya hivyo miezi mitatu kabla. Gereji ya Ujerumani huweza kukubali kulitengeneza gari la Marekani, lakini kipuri chenyewe kikatakiwa kuagizwa kutoka ng'ambo, na hapo wiki hupita.

Mengineyo ni ya fundi wa kawaida: breki zishike, pamoja na breki ya mkono; taa zote ziwake; injini isivuje mafuta wala maji; kioo cha mbele kisiwe na ufa; mfumo wa kutoa moshi usiwe umetoboka. Gari lazima liweze kuwashwa na kuendeshwa kupanda na kushuka melini kwa nguvu zake lenyewe. Kama betri inasuasua, nunua mpya sasa, kwa sababu gari litakaa wiki kadhaa bila kuwashwa, na betri iliyochoka haitaamka upande wa pili. Likisafiri majira ya baridi, hakikisha rejeta ina dawa ya kuzuia maji yasigande.

Hatua ya tano: gari la pili lipate mwenyewe mpya

Gari lililosajiliwa chini ya jeshi la Marekani Ujerumani liko nchini kwa msamaha wa kodi na ushuru, kufuatana na mkataba wa hadhi ya majeshi ya NATO. Msamaha huo unakufuata wewe, haulifuati gari. Ukiliuza kwa mwanajeshi mwenzako au mtumishi mwenye hadhi hiyo hiyo, mambo ni mepesi: mnaandikiana hati ya mauziano, mnakwenda pamoja ofisi ya usajili, yeye akiwa tayari ana uthibitisho wa bima, na gari linatoka kwenye jina lako mbele ya macho yako. Usikubali kumpa ufunguo kwa ahadi kwamba ataibadilisha kadi wiki ijayo. Akigonga gari la mtu leo jioni, jina litakalotokea ni lako.

Ukitaka kumwuzia Mjerumani au mtu yeyote asiye na hadhi hiyo, pita kwanza ofisi ya forodha ya jeshi upate kibali, kisha kodi na ushuru vilipwe kwa forodha ya Ujerumani, ambayo watu huiita Zoll, ndipo gari likabidhiwe. Kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni asilimia 19, na ushuru wa gari kwa kawaida ni asilimia 10, kwa hiyo mkubaliane mapema nani atalipa, na muiandike. Kumwuzia kimya kimya kwa fedha taslimu kwenye maegesho ya duka ni kosa la forodha, na adhabu yake hukufuata hata ukishahama.

Bei ipange kwa kuangalia tarehe yako. Gari kuukuu lililotangazwa miezi miwili kabla hupata mnunuzi mzuri, hasa likiwekwa kwenye maegesho ya mauzo ya kambini na kwenye vikundi vya jamii yetu ambako mgeni anayefika huuliza gari kabla ya kuuliza nyumba. Mwambie mnunuzi wazi kwamba utalitumia mpaka siku fulani, mpunguzie kidogo kwa subira yake, na mwandikiane. Familia moja tuliyokuwa jirani nayo iliuza gari kwa mhandisi kijana aliyekuwa bado hotelini. Walimpeleka dukani na kazini kwa wiki mbili, naye siku ya ndege akawapeleka uwanjani Frankfurt kwa gari hilo hilo, ambalo asubuhi yake lilikuwa limeshaandikwa jina lake. Ni mpango ninaoupendekeza kwa moyo wote.

Tairi za baridi zina thamani yake. Ujerumani hulazimisha tairi za namna hiyo barabara zikiwa na theluji au barafu, kwa hiyo mnunuzi wa hapa anazihitaji, na wewe unayekwenda Texas huzihitaji. Ziuze pamoja na gari au pembeni.

Gari ambalo halitauzika liondoe wewe mwenyewe kwa njia halali. Lipeleke kwa mvunja magari aliyeidhinishwa, udai cheti cha kuonyesha limevunjwa, na ukipeleke ofisi ya usajili. Usilitupe kwenye maegesho ya kambi ukitumaini litasahaulika. Sahani za namba zina mwenyewe, na gharama za kulivuta na kulivunja zitakufuata. Wala usimwachie rafiki gari na hati ya uwakala ukaondoka ukiamini ataliuza baada ya wiki. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Rafiki naye akapata safari ya kikazi, gari likakaa uani majira yote ya baridi, na bima ikaendelea kukatwa kwenye akaunti yake mwezi baada ya mwezi, huku yeye akiwa ng'ambo ya bahari na hana wa kumpigia. Kama hakuna njia nyingine, mwachie mtu ambaye hana amri ya kuondoka mwaka huo, na mpange tarehe ambayo, gari lisipopata mnunuzi, litapelekwa kuvunjwa.

Hatua ya sita: usafi

Hapa ndipo watu wengi hurudishwa nyumbani, na kila mmoja hushangaa, kwa kuwa alikuwa ameosha gari. Marekani huogopa udongo wa nchi nyingine kwa sababu za kilimo: ndani ya tope kavu mna mbegu, mayai ya wadudu na konokono wadogo. Mkaguzi hatazami rangi inavyong'aa. Siku tulipopeleka letu, mzee mmoja Mjerumani alichuchumaa kando ya tairi la nyuma, akaingiza vidole viwili juu ya tairi, mahali ambapo bodi imejikunja kwa ndani, akavitoa na kutuonyesha. Vilikuwa na udongo mwekundu wa mashambani, mkavu kama unga. Hakusema neno; alielekeza tu kwa kidevu upande wa mashine ya kuoshea, na miadi yetu ikasogezwa hadi saa ya mwisho ya siku.

Basi osha kwa kituo chenye bomba la maji ya nguvu, kwa kuwa sehemu nyingi za Ujerumani haziruhusu kuosha gari barabarani au uani kutokana na maji machafu kuingia ardhini. Anza chini: mikunjo iliyo juu ya kila tairi, nyuma ya vifuniko vya plastiki, juu ya ekseli, ndani ya rimu. Kisha boneti: ondoa majani makavu yaliyojikusanya chini ya kioo cha mbele karibu na waipa. Rejeta ipulizwe ili wadudu waliokufa watoke. Ndani ya gari, toa kapeti zote uzipige, vuta vumbi chini ya viti na kwenye njia za mikanda, toa makombo ya biskuti kwenye kiti cha mtoto, na uinue ubao wa buti mahali spea tairi inapokaa, kwa maana hapo ndipo mchanga hujificha. Ukimaliza, usipite tena njia ya shambani.

Tangi lisizidi robo ya mafuta. Panga mwendo wako wa wiki ya mwisho kwa kuzingatia hilo, kwani kufika na nusu tangi ni kurudi barabarani kuyachoma.

Vitu vya kuacha ndani ya gari ni vichache: jeki na spana ya tairi, spea, waya za kuwashia betri, pembe tatu ya tahadhari, kisanduku cha huduma ya kwanza, viti vya watoto na kigari cha kumsukumia mtoto. Tairi mbili za ziada zikiwa kwenye rimu zake pia huruhusiwa. Nguo, vyombo, vitabu, khanga ulizonunuliwa harusini, vyote viende na mizigo ya nyumbani. Gari si sanduku, na kitu kisichoruhusiwa kitatolewa mbele yako na utabaki nacho mkononi ukiwa huna gari la kukibebea.

Hatua ya saba: siku ya kukabidhi

Kituo cha kukabidhia gari wanajeshi hukiita VPC, kifupi cha Vehicle Processing Center. Nenda na amri ya uhamisho pamoja na marekebisho yake yote, kitambulisho, kadi ya usajili, hati inayoonyesha umiliki, majibu ya ukaguzi wa mwito wa kiwanda, hati ya uwakala kama mwenye gari hayupo, na funguo zote zinazohitajika kuliendesha: wa mlango, wa kifuniko cha tangi, na ule wa nati za rimu kama zina kufuli. King'ora ulichofunga mwenyewe kizimwe kabisa. Funguo za akiba baki nazo.

Mkaguzi atazunguka gari akiandika kila mkwaruzo kwenye fomu ya DD 788. Zunguka naye. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako pekee ikiwa gari litafika limebonyea, na alama iliyoandikwa kwa wingi kuliko ukweli, mfano mkwaruzo mmoja kuandikwa kama mlango mzima, itakugharimu dai lako baadaye. Zungumza hapo hapo, kwa adabu, kabla ya kusaini. Piga picha zenye tarehe: pande nne, paa, kila rimu, kioo cha mbele kwa karibu, viti, dashibodi ikionyesha maili na mafuta. Acha namba ya simu na barua pepe utakazokuwa nazo Marekani, si namba ya Kijerumani utakayoifunga baada ya wiki.

Kisha tafuta usafiri wa kurudi nyumbani. Wengi husahau hilo.

Hatua ya nane: funga kila kilichofunguliwa

Gari likishakabidhiwa au kuuzwa, hakikisha ofisi ya usajili imefuta jina lako na sahani za namba zimeshughulikiwa, kisha udai karatasi ya uthibitisho. Peleka nakala kwa kampuni ya bima. Bima ya Ujerumani haijifungi yenyewe kwa sababu umeondoka. Hufungwa kwa ushahidi kwamba gari halimo tena barabarani, na malipo ya siku zilizobaki hurudishwa. Usiache akaunti ya benki ya Ujerumani ikafungwa kabla ya marejesho hayo kuingia. Omba pia barua ya Kiingereza inayoonyesha miaka uliyoendesha bila kudai fidia, kwa maana kampuni nyingine za Marekani hupunguza malipo zikiiona, na ukiitafuta ukiwa ng'ambo utaandika barua pepe nyingi bila majibu.

Kadi ya mafuta yasiyo na kodi irudishwe. Faini za kamera za mwendo zilipwe, na kama umepigwa picha karibuni, uliza kabla barua haijafika, kwani huchukua wiki.

Hatua ya tisa: kulipokea gari Marekani

Wiki moja kabla ya tarehe ya gari kufika, kata bima ya jimbo unakohamia na uulize ofisi ya usajili ya jimbo hilo kuhusu kibali cha muda, kwa sababu huwezi kuondoka kituoni ukiendesha gari lisilo na bima. Gari likichelewa kupita tarehe iliyopangwa, sheria hukuruhusu kurudishiwa gharama za gari la kukodi hadi dola 30 kwa siku kwa siku zisizozidi 7. Tunza risiti na mkataba wa kukodi. Siku zikizidi hapo, dai hupelekwa kwa kampuni iliyosafirisha, nayo itataka risiti hizo hizo.

Siku ya kuchukua, nenda mchana, gari likiwa limekauka, ukiwa na picha zako na nakala yako ya DD 788. Linganisha upande kwa upande, bila haraka, hata kama watoto wanalia kwenye gari la kukodi. Hitilafu mpya iandikwe kwenye fomu kabla hujatoka getini, na kama wanao utaratibu wa kulipa madai madogo pale pale, ulizia. Sikiliza breki zinavyolia mita za kwanza. Kutu nyepesi kwenye diski ni ya kawaida na huondoka, lakini sauti ya chuma kusaga chuma si ya kawaida. Pima upepo wa tairi. Na kwa kuwa tangi halizidi robo, muulize mlinzi wa getini kituo cha mafuta kilicho karibu kabla hujaingia barabara kuu.